Amande ya Mama Mkwe

Jumatano jioni Nyirarukundo alimpigia simu binti yake Shami, amuulizie kwa mumewe kama kesho asubuhi gari litakuwa na nafasi. Alikuwa na miadi ya saa tatu kwa daktari wa macho, upande wa pili wa mji, na jicho la kushoto lilikuwa limeshaanza kuona vitu vyote vimefifia. Hakumpigia mkwewe mwenyewe. Katika ukoo wao mama mkwe hamwombi mkwe kitu uso kwa uso. Ombi hupitia kwa binti, na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo likiwa limepunguzwa makali. Shami alimuuliza Ilyasi wakati anavua viatu mlangoni. Ilyasi akasema gari liko garaje kwa Évode kule Gikondo, gia zimeshushwa, labda Jumamosi.

Gari lilikuwa uani kwa Mutsinzi, mwenzake wa biashara, hatua mia tatu kutoka hapo, na gia zake zote mahali pake. Ilyasi alikuwa ameliacha huko makusudi, kwa kuwa habari za miadi ile zilikuwa zimemfikia tangu Jumatatu.

Tuseme mambo yalivyo. Lile gari, Korola nyeupe, lilikuwa la mama mkwe. Marehemu mumewe, Nsabimana, alilinunua na kuliandikisha kwa jina la mkewe, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi ya njano ya usajili wa gari ilikuwa ya mkewe. Alipokufa na arobaini ikapita, Nyirarukundo alimpa binti yake funguo ampelekee mumewe, gari lisije likaozea uani. Ilyasi aliuza mapazia Gikondo, duka la mlango mmoja, na kabla wiki haijaisha wafanyabiashara wenzake walishaanza kusema gari la Ilyasi. Yeye hakuwahi kusema ni lake. Hakuwahi kuwasahihisha pia. Tatizo lilikuwa kwamba mama mkwe akipanda hukaa kiti cha nyuma upande wa kulia, pale pale alipozoea kukaa enzi za mumewe, na wakifika kituo cha mafuta hushusha kioo na kulipa yeye. Mtu yeyote aliyeona hilo aliondoka akijua gari ni la nani. Mutsinzi alikuwa mwenyekiti wa ushirika wao wa wauza vitambaa, tena alikuwa akitafuta mtu wa kumfanya makamu wake, na Alhamisi hiyo asubuhi Ilyasi alikuwa amemwahidi kumpeleka kuangalia kiwanja.

Saa mbili na dakika kumi na nne walikuwa wanateremka barabara ya Kagarama, Mutsinzi akieleza habari za bei ya ardhi. Mbele yao, kwenye kituo cha basi kando ya kamera, alisimama Nyirarukundo na mtandio mweupe na bahasha ya hospitali mkononi. Mtu mwingine angekanyaga breki. Ilyasi alikanyaga mafuta, ili ampite kabla hajaitambua namba ya gari. Mshale ukafika themanini na nne mahali pa sitini. Ile kamera, ambayo watu wa Kigali huiita Sofia kana kwamba ni shangazi yao, ikamulika mara moja. Mutsinzi hakuacha kuongea.

Nyirarukundo alimwona. Jicho la kulia lilikuwa zima, na isitoshe, mwanamke aliyemsubiri mume barazani miaka kumi na minane anaijua sauti ya gari lake. Basi lilipokuja lilikuwa limejaa, la pili vilevile. Alifika kwa daktari saa nne na nusu akaambiwa zamu yake imepita, arudi baada ya wiki sita, siku ya Jumanne, na asikose kwa sababu jicho lile halitasubiri zaidi ya hapo. Alirudi nyumbani akapika. Kwa binti yake alisema tu kwamba foleni ilikuwa ndefu.

Ujumbe wa amande, ile faini ya barabarani, uliingia kwenye simu yake Jumamosi. Kwa kuwa herufi zilikuwa zinamchezea, alimpa Shami amsomee. Ulitaja namba ya gari, Alhamisi, saa, barabara ya Kagarama, themanini na nne, na kwamba alipe ndani ya siku kumi na tano. Shami aliusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo. Jioni akamwonyesha mumewe.

"Matapeli hao," Ilyasi alisema. "Wanautuma kwa watu wote. Ukibonyeza tu, hela zote kwenye simu zimekwenda."

"Wameandika namba ya gari."

"Matapeli wa siku hizi wanajua kila kitu. Mwambie mama aufute."

Shami alimtazama kidogo, kisha akaenda kukunja nguo. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mke naye anaijua ya mumewe kabla hajaulizwa. Ujumbe wa pili ulikuja wiki iliyofuata, wa tatu siku mbili kabla ya muda kwisha. Kiasi kilichotajwa Ilyasi alikuwa anakipata kwa kuuza mapazia ya sebule moja. Asingeshindwa kulipa. Kilichomshinda ni kwamba kuilipa amande ile ilikuwa ni kukiri kwamba gari halikuwa garaje, na akishakiri hilo, lingefuata swali la nani alikuwa amesimama pale kando ya kamera. Kwa hiyo alinyamaza, akangoja jambo lipite lenyewe.

Siku ya kumi na sita, asubuhi, Nyirarukundo alisali, akaosha vyombo, akafungua mlango wa nyuma kwenda kumwaga maji machafu, akatokea kwenye kituo cha basi cha Kagarama, kando ya kamera, beseni mkononi. Aliangalia kulia na kushoto. Kwa kuwa maji alikuwa ameshayabeba, aliyamwaga kwenye maua ya manispaa. Kisha akaanza kutembea kurudi kwake. Alifika kwenye kona ya duka la maziwa, akakunja, akajikuta tena kando ya kamera. Alijaribu njia ya chini. Alijaribu kupanda pikipiki, na dereva alifika mwisho wa safari na kofia ya abiria iko kitini peke yake, akarudi kumrudishia nauli. Baada ya hapo Nyirarukundo aliligeuza beseni, akalikalia.

Saa tatu alikuja afande Ganza, kijana wa trafiki mwenye lindo la barabara ile. Alichukua kitambulisho cha mama, akakibonyeza kwenye kimashine chake, akasoma.

"Mama, wewe iko umezuiliwa," alisema kwa upole. "Juu ya amande. Siku imepita, sasa mwenye jina anabaki pale kosa ilifanyikia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ilipwe."

"Si huwa mnazuia gari?"

"Gari haina aibu, mama," alisema afande, akampigia saluti, akaenda kusimamisha lori.

Shami alipopata habari alileta kiti, mwavuli na chupa ya chai. Alipiga simu dukani, akamwambia mumewe kwamba mama yuko kwenye kamera, amezuiliwa. Ilyasi alikaa juu ya jora la kitambaa, masikio yakiwaka. Alilipa amande saa ile ile, kwa simu, bila kumwambia mtu. Baada ya dakika nne hela zilirudi na ujumbe mfupi: *Malipo hayakukubaliwa. Aliyeendesha afike mahali pa kosa aseme alikuwa anakimbia nini.* Alilipa tena kesho yake, na wiki iliyofuata akamtuma wakala wa mtaani alipe kwa jina jingine. Zilirudi zote, kamili, bila hata kukatwa gharama ya kutuma.

Kwa kuwa hakuna aliyejua atakaa pale muda gani, watu walimpangia mama maisha. Afisa wa sekta aliruhusu turubai kwa masharti, maana Kigali si mji wa kutundika turubai ovyo: liwe la kijivu, na likunjwe kila siku kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi, wakazi walikata nyasi kumzunguka, wakamjengea kijukwaa cha mawe matatu ili mvua isimloweshe miguu, na kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa, alimshukuru mbele ya mkutano kwa kuhudhuria. Madereva wa pikipiki walianza kuwaambia abiria, nikushushe kwa mama? Wasomaji wa mita za maji walimwachia bili za watu waliokuwa kazini. Mama alikuwa amekaa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, ujana wake wote, anajua Kiswahili kizuri na Kinyarwanda kizuri zaidi, na kila aliyengoja basi aliondoka amesalimiwa vizuri.

Ilyasi alimletea mapazia. Alichagua kitambaa cha daraja la kwanza, kizito, chenye bitana, akakishona mwenyewe usiku mbili, akampa Shami apeleke. Alipeleka na zulia dogo. Alipeleka mto. Kila kitu alikipeleka isipokuwa yeye mwenyewe. Siku za kwanza alipita pale na Korola kwa mwendo wa arobaini, kichwa ameinamisha kama mkwe mwenye adabu, na mama mkwe naye aliinamisha chake, kama desturi inavyotaka. Siku ya tano hakuweza tena. Akaanza kuzunguka kwa njia ya nyuma, ya vumbi, inayomchelewesha dakika ishirini na tano, na dukani akasema anapenda hewa ya kule.

Wiki ya sita ikafika. Jumapili mchana Shami alikuwa anachagua mchele.

"Jumanne ni miadi ya mama," alisema, macho kwenye sinia.

"Najua."

"Afande anasema ni neno moja tu. Mtu anafika, anasema, anaondoka. Hata hawaandiki jina."

"Nikaseme nini?"

"Mimi sijui, Ilyasi. Mimi sikuwemo kwenye gari."

Alimwita kwa jina. Kwa kawaida alimwita baba, ingawa mtoto walikuwa hawajapata bado. Ilyasi alitoka nje akakaa ndani ya gari hadi alasiri, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Aliona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye aliujua msemo huo vizuri, maana mama yake mzazi aliurudia kila Ilyasi alipokataa kwenda zahanati. Aliamua kwamba kesho atakwenda. Alilifanyia mazoezi lile neno, midomo ikicheza, jirani aliyepita akadhani anasoma nyiradi.

Jumatatu saa tisa alishuka kwa miguu. Njiani alitembea vizuri, karibu kwa furaha, kama mtu anayekwenda kung'oa jino ambalo limemsumbua siku nyingi. Lakini alipokunja kona aliona watu. Ushirika wa wauza vitambaa wa Gikondo ulikuwa umekuja kumtembelea mama, kama inavyotakiwa mwenzenu akipatwa na jambo. Walikuwa tisa, na sukari, na maziwa kwenye dumu, na mbele yao alisimama Mutsinzi amevaa koti.

"Huyu hapa mkwe mwenyewe!" alisema Mutsinzi. "Njoo, njoo. Tulikuwa tunamwambia mama jinsi unavyohangaika kwa ajili yake. Mapazia haya, jamani! Hata hoteli hawana."

Wenzake wakagusa mapazia, wakakubali. Afande Ganza, aliyekuwa upande wa pili wa barabara, alimwona Ilyasi akavuka, kimashine mkononi.

"Wewe umekuja kusema?" aliuliza. "Kesho huyu mama iko na hospitali. Mimi nataka aende. Sema tu, nibonyeze hapa, aende."

Ilyasi alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, aliliona lilivyo, fupi, la kawaida. Mutsinzi alikuwa amemwekea mkono begani.

"Aseme nini?" Mutsinzi aliuliza. "Yeye anahusika vipi?"

"Kosa ya Alhamisi," afande alisema, akisoma. "Wiki sita zimepita. Saa mbili na dakika kumi na nne, inatoka juu inashuka chini. Korola."

Mkono wa Mutsinzi ulibaki begani, lakini ukapungua uzito. Aliitazama barabara kuelekea juu, kisha chini, kisha kijukwaa cha mawe na mwanamke aliyekikalia. Alikuwa mtu mwenye kumbukumbu nzuri ya siku za kuangalia viwanja. Akautoa mkono, akaanza kuangalia viatu vyake.

Hapo Nyirarukundo akazungumza. Hakumtazama Ilyasi. Aliongea na afande, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi.

"Afande, mwanangu, mkwe wangu hana la kusema. Alhamisi ile gari lilikuwa garaje. Aliniambia mwenyewe, kupitia kwa binti yangu. Mimi mkwe wangu hajawahi kunidanganya."

Basi lilifika, likashusha watu watatu, likaondoka. Ilyasi alielewa amepewa nini. Alikuwa amepewa nguo ajisitiri nayo, na aliyempa ndiye aliyekuwa amevuliwa. Au pengine alikuwa ameachiwa mlango wazi, aseme hapana mama, halikuwa garaje, nilikuona. Ilitosha kusema hapana. Mpaka leo hajui mama alikusudia lipi kati ya hayo mawili, na hana mtu wa kumuuliza, kwa kuwa swali kama hilo ingebidi alipitishe kwa Shami.

"Mzee," afande alimwambia Ilyasi, ingawa walikuwa rika moja. "Gari ilikuwa garaje?"

"Ndiyo," alisema Ilyasi. "Ilikuwa garaje."

Afande aliandika. Alichukua muda, kwa sababu kimashine kilikuwa na herufi ndogo. Kisha akamwambia mama kwamba pole, kuzuiliwa inaendelea, akarudi kwenye kivuli chake. Ushirika ukakabidhi sukari na maziwa, dua ikasomwa, mama akawashukuru mmoja mmoja kwa jina la kila mtu. Mutsinzi aliaga wa mwisho. Alimwambia Ilyasi kwamba suala la makamu mwenyekiti litazungumzwa, na wiki mbili baadaye lilizungumzwa kweli, Ilyasi akachaguliwa kwa kura zote. Watu wawili wanaojua jambo moja hufanya kazi pamoja bila shida.

Jumanne saa tatu zamu ya mama iliitwa kwa daktari, ikapita. Siku hiyo Shami alichukua godoro lake na mswaki, akashuka kwenye kamera, na tangu hapo analala kule, anapanda nyumbani asubuhi kufagia na kuchukua nguo. Hakugombana na mumewe. Akikutana naye uani anamsalimia shikamoo, kama mtu anayemsalimia mkubwa asiyemfahamu vizuri.

Jicho la kushoto lilizimika mwezi uliofuata, bila maumivu. Nyirarukundo alisema heri hivyo, sasa jua la saa tisa halimchomi. Kampuni za basi zimekiandika kituo kile kwa jina lake kwenye vibao, na afisa wa sekta amependekeza kijukwaa kiwekewe vigae. Ilyasi amerudi kupita barabara kubwa, kwa sababu makamu mwenyekiti hawezi kufika kazini na vumbi. Anapita kwa arobaini, anainamisha kichwa. Mama naye anainamisha chake mapema, gari likiwa bado liko juu kabisa, maana sauti yake anaijua.

Na kwa kuwa nyumba ya Ilyasi haina tena mtu wa kumpikia, na mkwe hawezi kuachwa na njaa wakati mama mkwe yupo hai, Nyirarukundo amenunua jiko la mkaa. Kila Ijumaa anapika pilau hapo kando ya barabara, anachambua viungo kwa vidole, anaonja chumvi, anapakua sahani ya kwanza kabla hajala mtu mwingine, anaifunika kwa kitambaa safi na kumpa Shami apandishe. Shami huiweka mezani na kuondoka. Ilyasi hunawa mikono, hufunua, hukaa nayo muda mrefu. Nyama zote nzuri zimewekwa juu. Kisha anakula, peke yake, hadi punje ya mwisho, kwa sababu mkwe akibakiza chakula anamvunjia mama mkwe heshima.